Zebaki Kutoka Chumba cha Kufulia

Bosi wangu wa mwisho aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kufurahisha kwa jarida la wafanyakazi, pamoja na picha yangu nikitabasamu ndani ya kofia ngumu. Ukurasa huo sikuuandika. Ninachoandika ni hiki, tena kwa Kiswahili, kwanza kwa sababu siku hizi mtamboni mko wengi mnaokielewa, wa kutoka Kisumu, Mwanza, Uvira na Bujumbura, na pili kwa sababu nikisema kwa Kiswidi hasira yangu hutoka imevaa tai. Mashine mtafundishwa na wengine. Mimi nataka mjue habari ya tope, na jinsi neno moja la adabu lilivyoharibu kazi iliyotuchukua miaka kuijenga.

Nilikuja Stockholm kumfuata mume wangu aliyekuwa mwanafunzi. Nakuru nilikuwa fundi wa maabara. Hapa cheti changu kilinipatia kazi ya kusafisha ofisi, na hilo wengi wenu hamhitaji kuelezwa. Nikajifunza Kiswidi, nikasomea upya ufundi ule ule niliokuwa nao, na mwishowe mtambo wa kusafisha majitaka ukanichukua. Mume wangu aliwaambia watu wa kanisani kwamba nimeingia idara ya mazingira. Walioniuliza mimi niliwajibu kwamba nafanya kazi ya mavi, na baada ya hapo hawakuuliza tena.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Veikko, mzee wa Kifini ambaye hata Wafini wenzake walimwona mkimya. Alinipa nondo yenye ndoano ya kufunulia mifuniko ya chemba na kijiko cha plastiki kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Nilimwuliza kwa nini si kijiko cha chuma, ambacho kingedumu. Akanieleza kwamba chuma kinaacha metali zake kwenye sampuli, halafu unamshitaki mtu asiye na kosa. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonipa mwezi ule wa kwanza.

Sikilizeni kazi yenyewe. Mtu akitaka kujua nani anamwaga sumu kwenye bomba, hufikiri atachukua maji kwenye chupa. Maji yanapita. Aliyemwaga juzi, maji ya leo hayana habari naye. Lakini ndani ya kila bomba kuna utando, ute mweusi unaoota ukutani, na ute huo unashika metali zinazopita na kukaa nazo miezi. Ukifika chemba ambapo mabomba mawili yanakutana, unakwangua utando wa kila upande, unapeleka maabara, kisha unaufuata upande mchafu mpaka chemba inayofuata. Unapanda hivyo mtaa kwa mtaa hadi unasimama mbele ya mlango wa mtu. Harufu utaizoea. Kinachokuuma ni mgongo, maana mifuniko ile ilitengenezwa na watu ambao hawakutarajia kuinua hata mmoja.

Tunafanya hivyo kwa ajili ya tope. Kila kinachovutwa chooni na kila kinachotiririka kutoka sinki kinakuja kwetu. Maji tunayatenganisha, kinachobaki kinachachushwa kwenye matangi, gesi yake inaendesha mabasi, na mwisho linabaki tope jeusi lenye harufu ya udongo na amonia kidogo. Ndani yake mna fosforasi, chakula cha mimea ambacho kwingine huchimbwa kwenye miamba ya nchi za mbali na kusafirishwa kwa meli. Sisi tunakula ngano, tunaitoa, na tope linarudi shambani ngano iote tena. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya heshima kuliko nyingi zinazofanywa kwa suti. Ila tope halichagui. Ukitia rangi litabeba rangi, ukitia sumu litabeba sumu, na likizidi kiwango halirudi shambani. Linachomwa, au linaenda kufunika jalala.

Mkulima wetu aliitwa Ingemar, mwenye shamba la ngano na shayiri huko Uppland. Alikuwa miongoni mwa wachache waliokubali tope letu mapema, wakati majirani zake walikuwa wakimcheka kwamba analimia vyoo vya mjini. Kinu kilichonunua nafaka yake kilimkubalia kwa masharti: kila lundo lipimwe, na likizidi kiwango, sababu ijulikane. Nilikwenda kwake kila majira ya kuchipua kuchukua sampuli za udongo. Alikuwa na desturi ya kushika bonge la tope mkononi, kulinusa, na kuniuliza watu wa mjini wamekula nini mwaka huu. Nami nilimjibu kwamba wamekula kahawa na wasiwasi. Tulielewana sana, ingawa yeye hakuwahi kulijua jina langu la pili wala mimi lake, kama ilivyo desturi ya hapa.

Kesi yangu ya kwanza nzito ilikuwa kadimi, metali yenye sumu. Mimi na Veikko tuliifuata chemba kwa chemba hadi kwenye jengo zuri la zamani katikati ya mji, kwa mchoraji aliyekuwa akiosha brashi zake kwenye sinki. Rangi za njano na nyekundu zilizo bora zina kadimi. Alitusimamisha mlangoni akatueleza kuhusu uhuru wa sanaa. Veikko alimsikiliza mpaka akaishiwa, akamwachia rundo la vitambaa vya kufutia brashi kabla ya kuziosha, tukaenda zetu. Baadaye tulifuata zebaki ya kuzibia meno, iliyolala kwenye mabomba ya kliniki za zamani za meno. Tulibisha kwenye kila kliniki, tukasema wazi tumefuata nini, wakasafisha mabomba. Nawaambia haya ili mkumbuke kwamba si mchoraji wala daktari wa meno aliyewahi kuonekana mtu wa kuogopwa kuambiwa ukweli.

Veikko akastaafu, akaniachia nondo. Ofisini akaja Pernilla, mkuu wa kitengo, mtu safi, mpole, mwenye kupenda mikutano ya kuandaa mikutano. Sina ugomvi na elimu yake. Chati za maabara alizisoma vizuri kuliko mimi, na zebaki ilipoanza kupanda tena kwenye tope ni yeye aliyeiona kwanza. Alisema nitafute. Nikachukua kijiko.

Mabomba ya kliniki yalikuwa safi. Niliufuata utando kuelekea kaskazini majira yote ya joto, na kila chemba ilinipeleka mbele kidogo, hadi Husby, mtaa wa pembeni wanakoishi wahamiaji wengi. Nilisimama mbele ya jengo ninalolifahamu. Kwaya yetu ya Kiswahili hufanyia mazoezi kwenye chumba cha mikutano cha jengo hilo hilo. Bomba lililokuwa chafu halikutoka kwenye nyumba za watu bali kwenye chumba cha kufulia, kile cha pamoja kilichoko chini, ambapo kila mpangaji anaweka kufuli lake kwenye ubao kujiandikia zamu. Msimamizi wa jengo alinifungulia, nikatoa mashapo yaliyokaa kwenye kona ya bomba chini ya lile sinki kubwa, nikayapeleka maabara.

Majibu yalipokuja sikuhitaji mpelelezi. Kila mwanamke wa kwaya alijua nani anashika zamu ya Jumamosi na anafanya nini kwenye sinki lile. Mama Neema, Mkongomani wa Uvira, sauti ya pili kwenye kwaya, alikuwa akiwakorogea maharusi mkorogo. Mwajua desturi yetu. Harusi ikikaribia, bibi arusi hafichwi tu asipigwe jua, anapakwa. Kila wiki anazidi kuwa mweupe, na watu wanamsifu kwamba ametakata. Wakenya wetu wanajifanya hawamo, lakini walikuwa wanaletewa kwenye vikopo vya siagi. Mwaka ule bibi arusi alikuwa Neema mwenyewe, binti yake, aliyezaliwa hapa hapa, mhasibu, aliyekuwa mweusi mzuri wa kuvutia macho tangu utotoni. Nilimwona kanisani akizidi kupauka, na nilidhani ni poda za dukani. Sasa nilikuwa na karatasi ya maabara mkononi inayoniambia ni kitu gani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Pernilla. Nilimwambia chanzo nimekipata, ni krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki, chumba fulani, jengo fulani, na kuna wanawake wanaojipaka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga mlango, jambo ambalo Mswidi halifanyi ovyo, akasema suala hili ni nyeti. Wakazi ni wahamiaji. Magazeti yatasema tunawanyooshea kidole. Suala litapelekwa kwa watu wa mawasiliano, watatafuta namna nzuri, na kwa sasa nisizungumze na wakazi. Nilimwuliza ni nyeti kwa nani. Akasema kwa ujumla.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na mpaka leo haijapoa. Mchoraji alibishiwa hodi. Madaktari wa meno walibishiwa hodi. Ila mama wa Husby lazima alindwe asiambiwe kwamba anajipaka sumu, na wakati analindwa anaendelea kujipaka. Na msidhani watu wetu walikuwa bora. Nilipomdokeza mwanakwaya mmoja, Mkenya mwenzangu, aliniambia nisiwaanike wenzangu kwa wazungu. Wale wananyamaza kwa adabu, hawa wananyamaza kwa aibu, na katikati kuna msichana anayepakwa zebaki usoni ili apendeze kwenye picha.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa na miadi na Ingemar. Lundo lake lilikuwa limezuiliwa, na ilibidi aelezwe. Tulikaa jikoni kwake, mimi, Pernilla na yeye, kahawa na mikate ya mdalasini mezani. Pernilla alifungua kompyuta, akaeleza vipimo vizuri kabisa, na alipofika mwisho akasema kwamba kwa sasa chanzo hakijulikani.

Ingemar alisugua kidevu. Alisema tatizo analolijua anaweza kuishi nalo, hata likachukua mwaka kutatuliwa. Tatizo lisilojulikana hawezi kulipeleka kwenye kinu. Aliongea taratibu, na nilimwona akinitazama mimi badala ya kompyuta.

"Kinajulikana," nikasema. "Ni krimu ambayo wanawake wa kwetu wanajipaka wawe weupe. Nimekwangua bomba mwenyewe. Jengo nalijua."

Pernilla aliinama akatazama kikombe chake. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya Ingemar. Nilikwishaishi hapa muda wa kutosha kujua nini kinaweza kufuata ukisema "wanawake wa kwetu". Nilikuwa na jibu kali tayari mdomoni. Ingemar alisogeza kikombe pembeni.

"Na hao wanawake," akauliza, "hali yao ikoje?"

Tangu zebaki ionekane tulikuwa tumeongea kuhusu tope, viwango, kinu, magazeti na wakazi. Mkulima wa Uppland, mwenye lundo lililozuiliwa uani kwake, ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuuliza afya zao. Niliona haya kwa niaba ya ofisi nzima, na kwa niaba ya kwaya nzima pia.

Jioni ile ile nilikwenda Husby. Lile katazo la kuzungumza na wakazi nililiacha kwenye gari. Mama Neema nilimkuta kwenye chumba cha kufulia, amevaa glavu, anakoroga kwa mwiko kwenye ndoo, na mashine ya nguo inazunguka nyuma yake. Neema alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ameinyoosha. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba vikapoteza umbo. Nilimwuliza tangu lini. Akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyomjibu kila mtu, kwamba ni viatu vya harusi, anavifanyia mazoezi.

Nilimwambia mama yake kilichomo kwenye ndoo. Nilisema bila kuzungusha, zebaki, sumu, inaingia kwenye ngozi inakwenda kwenye figo. Aliendelea kukoroga kidogo, halafu mwiko ukasimama.

"Dada, weye unaona mimi naweza kupaka mutoto wangu sumu?" akasema. "Ile poudre nilipewaka na mutu wa boutique. Alisema ni ya kusafisha uso. Na mimi najipakaka, na wote wanajipakaka. Mais juu ya nini hakuna mutu alituambia?"

Nilikuwa nimekwenda pale na hasira ya kumwagia, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilimwambia kwamba ofisini wamejua tangu jana na wanatafuta namna nzuri ya kusema. Alinitazama kama hakunielewa, na nadhani alinielewa vizuri sana. Akavua glavu, akachukua mfuniko wa ndoo akaufunga kwa kiganja. Nilimzuia asimwage kwenye sinki. Ndoo ile niliibeba mimi hadi kwenye gari, nikaipeleka mahali panapopokea taka za sumu. Kijana wa pale aliniuliza nini hiki, nikamwambia ni vipodozi.

Neema alikwenda zahanati ya mtaa siku iliyofuata, na kutoka hapo akapelekwa hospitali. Mkojo wake ulikuwa unatoka povu, kitu ambacho alikuwa amekiona wiki nyingi na kuona aibu kukisema. Figo zilikuwa zinavuja. Walisema akiacha zitapona kwa sehemu, na kweli zimepona kwa sehemu. Mpaka leo anameza vidonge kila asubuhi, na akitaka kushika mimba lazima kwanza akae na madaktari wajadiliane. Alifunga ndoa kwa rangi mbilimbili, uso unarudi weusi wake kwa mabaka, na shangazi mmoja kutoka Bredäng akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto ameharibiwa na dawa za hospitali. Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu, maana baadhi yenu mnamfahamu.

Kwaya iliitisha kikao. Mama Neema mwenyewe alisimama mbele ya wanawake akaeleza, akionyesha picha ya miguu ya binti yake kwenye simu. Vikopo vya siagi vilirudishwa kimya kimya, vingine na watu ambao hatukuwahi kuwadhania. Duka lililouza ile poda liliacha kuiweka mbele. Kama bado linaiuza nyuma, sijui, na nawaomba ninyi mwende mkaangalie. Mimi nilipewa onyo kwa kuzungumza na wakazi. Nilitia sahihi kwamba nimelisoma.

Utando ulianza kusafika. Nilirudi kwenye chemba ile ile kila baada ya muda, nikakwangua, na kila jibu lilikuwa dogo kuliko lililopita. Mngetarajia tope lirudi kwa Ingemar. Halikurudi. Taarifa rasmi iliyotoka ofisini ilikuwa na neno lile lile, kwamba chanzo hakijulikani, kwa sababu watu wa mawasiliano walikuwa bado wanatafuta namna. Kinu kikaisoma. Ingemar aliwaeleza kwa mdomo kwamba chanzo kinajulikana na kimeshafungwa, wakamwambia wao wanafuata kilichoandikwa. Lundo lake lilikwenda kufunika jalala, na shamba lake sasa linatiwa mbolea ya magunia iliyovuka bahari. Aliniambia kwenye simu kwamba hana kinyongo nami. Mimi ninacho, na ninacho kwa niaba yake.

Siku yangu ya kuaga palikuwa na keki ya kijani, kama kawaida ya hapa. Wafanyakazi waliruhusiwa kualika jamaa, nami nilimwalika mume wangu, Mama Neema na Neema. Mama Neema alileta mandazi, na yaliisha kabla ya keki. Pernilla alitoa hotuba nzuri. Alinisifu kwa ukakamavu, ambalo kwa Kiswidi cha ofisini ni neno la mtu msumbufu. Kisha akawasha picha ukutani kuonyesha mafanikio ya kitengo, mstari wa zebaki ukipanda mlima na kushuka bondeni. Chini ya kilele paliandikwa: chanzo hakijulikani.

Nilikuwa na kisahani mkononi. Nilikiweka mezani ili niseme, maana hilo lingekuwa neno langu la mwisho kazini na sikutaka lipotee. Lakini Neema alikuwa ameshasimama. Alikuwa amevaa gauni lisilo na mikono, ngozi yake imerudi karibu yote, isipokuwa doa moja shavuni.

"Kinajulikana," akasema, kwa Kiswidi chake safi cha Stockholm. "Ni mimi. Ilikuwa kwenye uso wangu."

Mama yake akasimama kando yake. Kiswidi chake ni cha kazi yake ya kuwaogesha wazee, cha maneno machache na ya wazi, lakini kilitosha.

"Na mimi," akasema, "ndiye nilikoroga."

Watu walitazama sakafu, wakatazama keki. Pernilla aliwashukuru wote wawili kwa mchango wao, akauliza nani angependa kahawa zaidi. Nyuma yake, ukutani, lile neno lilikuwa bado linawaka.